Televisheni Inayokutosha

Nyumbani,
chumba cha cherehani,
Jumapili alasiri.

Kwa mdogo wangu mpendwa, Kitindamimba wetu,

Shikamoo yako ya juzi nimeipokea, marahaba sana. Hujambo huko uliko? Baridi imekuachia vidole, au bado unavipuliza kama mtu anayewasha jiko? Wifi yangu hajambo? Mwambie gauni lake liko tayari, linasubiri msafiri tu, na kama amenenepa aseme mapema nilifumue kabla halijafungwa.

Sisi huku wazima. Mgongo wangu unanisumbua kidogo kwa kuinamia cherehani, lakini wateja wananisumbua zaidi, kwa hiyo mgongo nimeusahau. Mama mzima. Anakula, anatembea, na kila asubuhi anagombana na shangazi kuhusu nani kafungua dirisha. Siku ukisikia wawili hao wamenyamaza ndipo uwe na wasiwasi.

Najua unashangaa kuona barua ya karatasi zama hizi. Nimeandika kwa sababu nyumba hii haina siri. Nikiongea na simu sebuleni, Mama anasikia. Nikihamia jikoni, anasikia. Nikinong'ona uani, ananiuliza kutoka ndani nasema nini. Masikio yake ni mazima kabisa, pengine yamezidi. Shida iko kwenye macho, na hiyo ndiyo habari ninayotaka uisome ukiwa umekaa.

Umeniuliza tena na tena kama Mama amekukasirikia. Umesema kila ukipiga simu ya video unaambiwa anaoga, amelala au yuko jikoni, na kwamba tangu useme hutakuja mwaka huu hajakaa mbele ya simu hata mara moja. Ukajijibu mwenyewe kwamba amekutoa moyoni. Ndipo ukaniagiza ninunue televisheni kubwa kuliko zote dukani, inchi themanini na tano, ili aipende na akusamehe. Mdogo wangu, akili unazo, lakini hapa umepotea njia ukiwa uani kwenu. Mama hajakukasirikia. Mama hakuoni.

Unaikumbuka simu ya siku hiyo hiyo, ulipoinuka kwenda kufungua mlango, ukaiacha simu yako mezani ikitazama kiti? Koti lako ulikuwa umelitupia kwenye kile kiti. Mama alikuwa ameishika simu yangu kwa mikono miwili, akaendelea kuzungumza. Akaliambia koti limenenepa. Akaliuliza kama linakula vizuri. Akaliombea afya na kazi nzuri, na mabosi wenye huruma. Kisha akasema, "Mbona umeninyamazia, mwanangu?" Shangazi, unamjua, kicheko kikamtoka kabla hajakiziba. "Wifi, unabariki koti!"

Mama aliniwekea simu mapajani taratibu, akaenda chumbani kwake. Wewe uliporudi ukanikuta mimi, nikakwambia amekwenda kujilaza. Tangu hapo simu yako ikilia, miguu yake inakumbuka kazi. Ni aibu, ndugu yangu, na aibu yake imeniuma kuliko hasira ambayo ungeiona. Ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano, na hakutaka kukiri kwamba mwanawe na koti la mwanawe sasa kwake ni kivuli kimoja. Shangazi amekwisha kuomba radhi, akapewa, akaambiwa asirudie kulitaja koti humu ndani.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Mama alinikataza nisikwambie, na leo namvunjia amri kwa makusudi. Daktari amesema yaliyokwenda hayarudi, yaliyobaki yatatunzwa kwa dawa ya matone. Aonyeshwe vitu vikubwa vyenye mwanga mzuri, na akitaka kukaa karibu na kioo akae, hakutamdhuru. Kwa hiyo wazo lako la televisheni ni zuri kuliko ulivyojua. Picha yako itatoka kwenye simu na kuingia kwenye kioo kikubwa, naye atakaa akuangalie kwa raha zake. Ugomvi wangu ni na hizo inchi zako.

Unanijua, sigusi kitambaa kabla ya kukata karatasi. Nikachukua karatasi zangu za kukatia mitindo, nikaziunganisha kwa utepe wa gundi, nikashusha tepu yangu shingoni na kupima inchi themanini na tano kwa upana, kama ninavyopima kitambaa mezani. Lo! Karatasi ilianzia kwenye kabati la vyombo, ikalifunika dirisha lote, ikafika kwenye mlango wa shangazi na kutaka kuingia ndani. Niliibandika hivyo hivyo. Tukaishi gizani, tukipapasa sukari mchana kweupe. Shangazi akauliza kama hiyo ni televisheni au shuka la kitanda.

Nikaenda dukani kumgombeza muuzaji, nikitaka aniambie nani mwenye ukuta wa namna hiyo. Alicheka mpaka akashikilia meza. Kumbe televisheni haipimwi kwa upana, inapimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya juu upande huu mpaka pembe ya chini upande wa pili. Miaka yote hii na tepu shingoni, sijawahi kumpima mtu kutoka bega la kushoto hadi goti la kulia! Nikarudi nyumbani nikakata upya. Ikapungua, lakini bado ilikuwa inakula nusu ya dirisha. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Dada, kubwa haijawahi kumkera mtu." Nikamjibu hamjui mama yangu.

Ili nisionekane mbishi wa bure, nilimpeleka Mama kwa Mzee Sinema, yule jirani dereva wa malori aliyestaafu. Ana televisheni ya ukubwa huo huo unaoutaka wewe, na sebule yake ni pana kuliko yetu. Tukaweka ile video uliyotutumia ulipohamia nyumba mpya, ile unayosalimia huku umeikaribia simu kama unataka kuinusa. Mama akakaa mbele. Uso wako ukaja, ukajaa ukuta. Pua yako, nisamehe, ilikuwa kama mto wa kulalia. Mama akarudisha kiti nyuma. Akarudisha tena. Kiti kikagonga ukuta, akasema, "Nizimieni."

Nilidhani hajaona kitu. Njiani tukirudi akanishika mkono, akaniambia, "Nimeliona lile jino lake la pembeni." Nikafurahi, nikasema basi tununue kama ile. Akasimama katikati ya njia. "Wewe una wazimu? Mtoto wa kichwa kile ningemzaaje mimi?" Tulicheka mpaka mwenye duka la mkaa akatoka kututazama. Halafu akatulia, akasema anachotaka ni mtu wa ukubwa wa mtu. Anataka akutazame kama anavyomtazama aliyekaa naye meza moja, basi, hana haja ya jitu ukutani.

Mzee Sinema mwenyewe, baada ya kuhakikisha mkewe hasikii, alikiri kwamba akitazama mpira analazimika kugeuza shingo huku na huku kama anayetaka kuvuka barabara. Mkewe siku hizi anatazamia jikoni kwa hiari yake.

Hapo nikajua cha kufanya, na sikumuuliza mtu tena. Kabla hujasafiri nilikushonea shati la buluu, na karatasi zake ninazo mpaka leo, mgongo, kifua, mikono, kola. Nimezitunza kama ninavyozitunza za kila mtu ninayetarajia arudi. Nikakata televisheni tatu za karatasi, safari hii kwa mshazari, nikazitandika sakafuni na kukulaza wewe juu yake, moja baada ya nyingine. Kwenye inchi arobaini na tatu mabega yaliingia, lakini ukipunga mkono unakatika kwenye kiwiko. Kwenye sitini na tano ulielea kama mwenye nguo za kuazima, na nilipoipandisha ukutani mlango wa kabati la vyombo ukakataa kufunguka. Kwenye hamsini na tano ulikaa. Nafasi ya kichwa juu ya kola ipo, kifua kipo, mpaka tumboni, na mikono yote miwili ina nafasi ya kucheza. Ukutani inaingia kati ya dirisha na kabati la vyombo, na kila upande panabaki pa kupitisha kiganja cha kufutia vumbi. Sisi mafundi tunasema imekukaa.

Shangazi alitaka ya sitini na tano kwa ajili ya tamthilia zake. Tulipiga kura, akashindwa, amenuna. Atapona siku ya kwanza atakapoona machozi ya wale waigizaji wake bila kukodoa macho.

Muuzaji pia alitaka kuitundika juu, karibu na dari, kama kwenye vyumba vya kusubiria daktari. Nimekataa. Mama atainua shingo mpaka lini, anatazama paa linalovuja? Itakaa juu ya kabati lile fupi lililo hapo chini, ili macho yako na yake yakutane akiwa amekaa. Kiti chake nitakisogeza mbele, kivuke zulia. Simu yangu itasimama chini ya kioo imtazame yeye, na pazia zito nimeshalipinda ili jua la alasiri lisipige kwenye kioo. Kila kitu nimekipima mara mbili, hili niachie mimi.

Kazi yako ni moja. Ukipiga simu, usiikaribie kama unataka kuimeza. Iegemeze mezani, wewe kaa nyuma kidogo, taa iwe mbele yako, tukuone mpaka tumboni. Ukikaa hivyo utakuwa sawasawa na mtu aliyekaa kwenye chumba chetu. Fedha ni zako, ukuta ni wetu, macho ni ya Mama, na inchi ni hamsini na tano. Agiza hiyo, na ukiongeza hata moja nitairudisha dukani kwa mkokoteni.

Habari nyingine si nyingi. Bomba la uani limetengenezwa, sasa linavuja upande wa pili. Nimepata kazi ya sare za shule nzima, ndiyo maana vidole vyangu ukiviona utadhani nimepigana na paka. Lile cherehani la zamani la mkono sijaliuza, usiulize tena.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike leo nisingoje kesho.

Ile karatasi ya hamsini na tano niliishusha pale juu ya kabati fupi, nikaiegemeza ukutani nione itakavyokuwa. Mama akatoka chumbani, akaja akasimama mbele yake. Akaipapasa pembe zote nne kwa kiganja. "Atakaa hapa?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, utakaa hapo. Akaniuliza macho yako yatakuwa wapi. Nikachukua chaki yangu ya kukatia, nikaweka alama mbili. Akavuta kiti chake mwenyewe, akakaa, akazitazama zile alama, akasema ziko sawa. Nilipotaka kuitoa karatasi akanikataza. Mpaka sasa ninapoandika iko pale, naye akimenya vitunguu anamenyea mbele yake.

Jana asubuhi alikuja humu kwenye chumba cha cherehani na kile kitambaa cha zambarau ulichomletea mara ya mwisho ulipokuja, ambacho hataki hata tukiguse. Akakitua juu ya sare za watu. "Nikatie gauni," akasema. Nikamwuliza la sherehe gani, mbona sijasikia mwaliko. Akanitazama kama ninayechelewa kuelewa darasani.

"Kwani yeye si ataniona pia?"

Kwa hiyo usiniulize tena kama Mama amekukasirikia. Nimempima jana hiyo hiyo, akasimama wima kama msichana, akaniagiza nimwachie kola ndogo kwa sababu unapenda kola. Gauni litakuwa tayari kabla ya televisheni. Simu ya kwanza ipige mchana, mwanga ukiwa mzuri huku kwetu. Usimwambie kwamba unajua habari ya macho yake. Mwambie tu amependeza, na useme polepole ili apate muda wa kukutazama.

Msalimie sana wifi yangu, na rafiki yako fundi bomba mnayeishi naye nyumba moja. Shangazi anakusalimu pamoja na kununa kwake. Mzee Sinema na mkewe wanakusalimu, na wanasema una pua nzuri. Mama hajui kama nakuandikia, lakini salamu zake ziko pale kwenye kabati zinakungoja. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe riziki isiyokuchosha, na akurudishe kwetu siku moja kwa miguu yako mwenyewe, tukupime tena.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Fundi wa nyumba.

Nyongeza: siku hiyo vaa lile shati la buluu. Na koti litundike chumba kingine, maana baraka za safari hii zote ni zako.