Kura ya Breki

Jumatatu, 1 Julai 1974

"Ndugu wapiganaji wenzangu." Ndivyo nilivyowaamkia tena wanakijiji asubuhi ya leo, kila mtu na jembe lake begani. Sauti ilitoka vizuri. Niliwaambia kwamba vita vyetu havina bunduki bali vina jasho. Wakaitikia. Kisha msingi wa ghala hadi saa sita.

Mchana kwa Mzee Kingu, fundi na dereva wa gari la kijiji. Paipu za breki zilizoliwa na kutu amezitoa zote, amefunga mpya, siku tatu, peke yake. Halmashauri imenipa mimi, mwanafunzi wa chuo niliyekuja kujitolea, kazi ya kumsaidia kumalizia. Alhamisi gari lazima lishuke mlima wa Sekenke na mabati ya zahanati ya wenzetu waliohamia bondeni, yaezekwe kabla ya Sabasaba. Ahadi hiyo niliitoa mimi, hadharani.

Jumanne, 2 Julai

Kutoa upepo kwenye breki. Elia, karani wa kijiji, anakanyaga pedali na kuishikilia. Mzee yuko chini kwenye gurudumu, anafungua nati, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, ndipo Elia aachie. Mimi nilipewa kikombe cha mafuta ya breki chini ya boneti. Kisishuke. Nikijaze kila mara. Basi.

Watu walisimama kutazama. Nikaona hadhira. Nikaanza kueleza jinsi mkulima anavyoweza kuitawala mashine, na maelezo yakazaa hotuba. Walipoondoka nilitazama kikombe. Kikavu. Mfumo wote umevuta upepo upya, na mafuta ya akiba yaliyobaki hayatoshi kuanza upya.

Mzee alitoka uvunguni taratibu. "Mwanafunzi, sisi tunatoa upepo, wewe unaingiza. Sijui umepitia kwenye kikombe au umetoka mdomoni."

Elia alicheka hadi akalalia usukani.

Pedali inazama kama godoro. Mafuta mengine yatakuja na basi la Singida Jumamosi. Nilimchukia Mzee Kingu jioni yote. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 3 Julai

Mkutano. Mzee alisema gari lisitembee hadi Jumamosi. Breki bado ina upepo. Hakusema umeingiaje. Alinisitiri.

Nami nilisimama juu ya sitara hiyo nikampiga kwa maneno. Nilimwita mtu wa jana anayeiogopa kesho. Nilimpandisha mwenyekiti garini akanyage mwenyewe: mara ya kwanza pedali ikazama, ya pili ikapanda, ya tatu ikakaza. "Breki ipo," nikasema, "kinachokosekana ni moyo." Nikaomba kura. Mikono ikanyooka uwanja mzima. Elia alinyoosha wake nusu, akitazama viatu vyake.

"Mkishamaliza kuhesabu," Mzee alisema, "nendeni mkauulize upepo kama umekubali."

Wakamzomea. Sikuwanyamazisha. Hata shikamoo sikumpa leo, mimi niliye sawa na kitinda mimba wake.

Alhamisi, 4 Julai

Mzee alikataa mtu mwingine aendeshe. "Kijiji kimeamua liende. Nani aliendeshe, naamua mimi."

Nilikaa kushoto kwake. Kona ya kwanza alipita kwa gia nzito, akikanyaga mara tatu, nne, akisubiri pedali ipande. Kona ya pili pedali haikupanda. Nilisikia mguu wake ukigonga sakafu. Alivuta breki ya mkono. Gari halikusimama. Kulia kwetu bonde. Akalielekeza kushoto, kwenye ukingo wa udongo, polepole, kama mtu anayeegesha.

Sisi tulisimama. Mabati hayakusimama. Yalivunja kioo cha nyuma na kupita katikati yetu, palipokuwa na mkono wake kwenye gia.

Mimi nimechubuka kiwiko.

Ijumaa, 5 Julai

Lori la pamba lilimfikisha Mzee hospitali jana ile ile. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekatwa. Trekta limelivuta gari hadi juu.

Kijijini wanasema paipu zilifungwa vibaya. Wanasema fundi amezeeka. Mwenyekiti ataleta hoja anyang'anywe karakana. Elia ananitazama, hasemi. Nimekula ugali na watu hao hao na sikusema.

Mimi ni mwoga. Sikulijua hilo chuoni.

Jumamosi, 6 Julai

Mafuta yamekuja na basi. Mzee naye, mkono ukiwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Hakwenda kwake kwanza. Alikuja karakana, akaketi juu ya tairi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ingia chini. Anza na gurudumu la nyuma kushoto, lile la mbali."

Elia pedalini. Mzee akiamuru kutoka pale alipoketi: kanyaga, shikilia, fungua, funga, achia. Mafuta yalinitiririka hadi kwapani. Kila magurudumu mawili nilitoka kujaza kikombe, bila kuambiwa. Mapovu yalipungua, yakawa moja moja, yakaisha.

Nikiwa bado chini nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yalitoka manne.

Akajibu: "Mimi nimekusikia. Lakini walionizomea hawajakusikia, wala wewe hukunitukana tukiwa wawili."

Akapanda garini, akakanyaga mara moja. Pedali ikasimama juu, ngumu. Akashuka, akaenda nyumbani.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Ngoma, gwaride, hotuba. Niliombwa kusema, nikampisha mwingine. Zahanati ya bondeni haina paa.

Mchana niliandika tangazo kwa mkono wangu, nikalibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Mkutano wa wanakijiji wote utakuwa Jumatano, saa kumi jioni, mbele ya karakana. Ajenda ni moja: nani aliyeingiza upepo kwenye breki. Msemaji ni mimi.