Miaka Niliyokuongezea

Bibi,

Mwanangu Minza sasa hivi amenivua kitambaa cha kichwa, akakifunga kwenye paja lake la kushoto, halafu akatembea mbele ya hili benchi akiburuza mguu. Watu wamecheka. Ulipokufa alikuwa hajaanza hata kutambaa. Nani kamwonyesha ulivyokuwa ukifunga uvimbe wako?

Au umekuja. Maana hata nyumbani Kagongwa, mchana tukianika mpunga, nasikia kandambili yako ikiburuzika nyuma yangu. Nikigeuka naona turubai tu, na kuku.

Naandika tukiwa hospitali ileile, nje ya chumba cha upasuaji. Aliye ndani ni mke mwenzio, Bibi Kabula. Huyohuyo uliyesema atatuzika wote kwa ubishi wake. Alitokewa na uvimbe mkononi, juu ya kiwiko, wakakata kipande wakapima. Saratani ya nyama, kama ile yako.

Bibi, siku ile tulipokuleta wewe foleni ilikuwa ndefu, umeegemea ukuta, na mimi nikataka upite dirisha la wazee. Nywele zako zilikuwa nyeusi bado, nikaogopa watakukatalia. Karani alipouliza miaka nikasema themanini na saba. Nilijua si kweli. Uhuru ulikukuta binti mdogo unachunga ndama, wewe mwenyewe ulinisimulia. Nilidhani nakusaidia. Kwetu nani huwa anakagua umri wa bibi?

Daktari akasema uvimbe haujagusa mfupa, ataukata pamoja na nyama nzima kidogo ya pembeni, mguu ubaki. Akasema uzee peke yake haumzuii, yeye anapima moyo, mapafu na nguvu za mtu. Lakini mjomba alikuwa ameshika faili. "Themanini na saba! Mnataka kumchinja mama yangu?" Nawe ukanigeukia, ukacheka kidogo. "Kumbe nimekula chumvi nyingi hivyo?" Ukaningoja nijibu. Nikajifanya nakaza kanga niliyombebea Minza mgongoni. Haikuwa imelegea.

Tukakurudisha nyumbani. Mpunga ulikuwa haujakomaa, uvimbe ukapasuka. Yale macho yako, Bibi. Mpaka leo yananingoja.

Leo asubuhi karani kauliza tena. Nikasema hatujui kwa hakika, sabini hivi. Mjomba akaanza yaleyale ya kuchinja wazee. Bibi Kabula akamkatiza, "Kwani nyama yangu mnamtunzia nani?" Hata nesi alicheka. Mjomba hakucheka. Ndipo nikasema, mbele ya watu wote, kwamba ile miaka yako ilikuwa ya uongo, na aliyeisema ni mimi. Mjomba akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule. "Kwa hiyo, Mama Minza, mama yangu..." Tangu hapo hajanisemesha, wala hajauzuia upasuaji.

Nisamehe, Bibi. Kama huwezi leo, basi polepole. Sijui mke mwenzio atatokaje humo. Daktari alisema moyo wake unapiga vizuri, ila hakuapa, na mimi nimeshikilia hilo la moyo tu. Akitoka nitamwosha kidonda kwa mikono yangu. Kila tarehe ya kliniki nitamleta. Na lolote atakaloniuliza nitamjibu nikimtazama usoni, nakuahidi, hata likiwa la kuumiza.

Shikamoo, Bibi yangu. Ulale sasa. Wiki ijayo nitafika kaburini nikwambie haya kwa mdomo, maana kuandika naona kama bado najifi

Mlango umefunguka. Nesi anaita ndugu wa Bibi Kabula, kavaa barakoa, uso wake siuoni vizuri. Mjomba amesimama. Ananiambia, "Mama Minza, twende wote." Ngoja Bibi, nika