Wanasema Hujulikani

Mama Boni,

Nimetoka kwa mkutano wa makumbusho sasa hivi. Niko kwa gari, bado kwa parking, na nisipokuandikia nitarudi ndani nigombane nao tena.

Wamekutoa kwa kitabu. Miezi minane nimekuwa nikiandika historia ya hiyo makumbusho, kila siku yangu ya off, nime-scan mpaka risiti za misumari. Nikaandika vile ilianza: wewe ukiogesha wazee weusi kwa nursing home hapa Saint Paul, wale mtaa wao ulibomolewa ndiyo barabara ya freeway ipite. Wakakupea picha zao za maandamano kwa sababu watoto wao walikuwa mbali. Ukazi-drive hadi kwako Coon Rapids, ukazipanga basement, ukaandika kila mzee alisema nini. Hiyo ndiyo makumbusho. Zile kuta walijenga baadaye.

Mkurugenzi akasoma akasema hakuna mtu wa jina nililoandika, lile lako rasmi, kwa rekodi yoyote. Akakata ukurasa mzima, akaweka "mtoaji hajulikani". Na masanduku yote yako hapo nyuma yake, na mwandiko wako: Mama Boni, Mama Boni, Mama Boni.

Lakini hata wewe umenikasirisha. Mimi ulikuwa unanigombeza, "Picha bila jina ni karatasi tu, kijana." Halafu wewe unasaini jina la mtoto. Hata fomu ya kukabidhi masanduku, Mama, fomu ya wakili, umesaini Mama Boni. Na mimi, miaka sita nikila ugali kwako, sikuwahi kuuliza. Nilijua unaitwa Rosebella Nekesa siku tulikuzika, kwa karatasi ya ibada. Nilisoma nikadhani wamekosea mtu.

Nimepigia Mama Shiro wa Blaine. Amesema, "Hawakujui? Na nani alitubebesha hayo masanduku mpaka mgongo wangu ukakataa?" Anakuja na wenzake wa kanisa kuandika ushahidi. Ameniuliza asaini jina gani, la mtoto ama lake mwenyewe. Nimemwambia yote mawili, tafadhali.

Kitabu kinaenda kuchapishwa Ijumaa. Nimewaambia ukurasa wako usiporudi, hata zile zingine mia mbili ni zangu, natoka nazo. Mkurugenzi alicheka. Wacha acheke.

Pumzika, Mama. Ijumaa asubuhi tuko kwa mlango wake, mimi na akina mama saba, na hakuna mwenye ana haraka ya kurudi kazini.

Kijana wako,
Dennis