Majivu ya Bi Mwanahawa

Mama, shikamoo.

Handeni nimefika salama, ila yale ya uchawi mliyonitisha huko Lutindi nusura yaniue kwa hofu. Asubuhi ya kwanza nafungua mlango wa chumba nilichopanga, nakuta majivu yamemwagwa kizingiti kizima. Nikajua tayari nimerogwa! Sikuthubutu kuvuka. Nikasimama palepale nikikemea kwa jina la Yesu mpaka sauti ikanikauka.

Akatokea jirani, bibi wa Kizigua, Mwislamu, anaitwa Bi Mwanahawa.

"Mwalimu, kulikoni? Hayo majivu nimemwaga mimi. Siafu walikuwa wanaingia kwako na mvua hii, nikasema huyu mgeni wataenda kumla kitandani."

Nilicheka mpaka machozi. Baadaye tukala wote muhogo wake wa kuchemsha, wa moto, na chai ya rangi.

Usiache kuniombea, Mama, lakini kuogopa acha. Najua alfajiri ile ulikuwa umepiga magoti kama kawaida yako, unaniombea ulinzi. Ndiyo saa hiyohiyo Mungu alipomwamsha Bi Mwanahawa akachote majivu jikoni.

Jikinge vizuri na baridi ya huko.

Mwanao, Neema