Mjukuu Wangu Analala Garini

Jumapili jioni. Kiangazi kimekaza, vumbi linaingia hadi kwenye meno, lakini moyo wangu umetulia.

Nyie mmekuwa wapi? Tangu niliposimulia habari za goti langu hamjapita tena hapa. Mlidhani goti likipona na mimi nimekwisha? Mtu anakaa miezi hajafungua ukurasa wa bibi yake, halafu siku akifungua anataka akute tamu mezani. Haya, ingieni, kaeni. Leo tamu ipo, ingawa hamkustahili.

Shule sikukanyaga, mnajua. Mimi nasema, mwingine anaandika. Leo anayeandika ni mjukuu wangu Kemilembe, na habari zenyewe ni zake, kwa hiyo nimemketisha mbele yangu. Akiruka neno nitamjua usoni.

Kemi alifika wiki iliyopita kutoka Namibia, yeye na rafiki yake Ndapewa, binti wa huko huko. Hawakuja na basi. Walikuja na nyumba yao. Ni gari refu kama la kubebea wagonjwa, ndani mna kitanda, jiko la gesi, kabati na karai dogo la kunawia. Wanaishi humo, mwaka wa nne sasa, jangwani, penye majabali mekundu marefu kuliko mnara wa kanisa letu. Kazi yao ni kuyapanda kwa kamba, na kuwafundisha wageni kuyapanda.

Ndiyo, umesikia vizuri. Kazi.

Wakaingia hapa Kibingo mchana, watoto wa kijiji kizima wanakimbia nyuma, na huyu Kemi, mtoto niliyemlea mwenyewe, akaja kusimamisha gari juu ya kahawa yangu. Nilikuwa nimeianika uani kwenye mikeka. Tairi mbili juu ya mkeka! Akashuka mbio, akapiga magoti: "Shikamoo, Bibi." Nikamwambia marahaba utaipata ukishaliondoa hilo dude.

Akaliondoa. Marahaba akaipata, na machozi yangu pia.

Sasa sikilizeni kilichoniudhi. Nilikuwa nimetandaza nyasi mpya sebuleni, kama tunavyomfanyia mgeni wa heshima. Kitanda nimekitandika. Wakala ndizi zangu, wakashukuru, wakaaga, wakaenda kulala garini. Hatua kumi kutoka mlangoni kwangu! Kwetu mtu akifika nyumbani akalala nje, watu wanajua pana ugomvi. Asubuhi jirani akaja kuomba moto, na moto wake nauona kabisa unafuka.

"Mmekosana na mjukuu?" ananiuliza, macho kwenye gari.

"Nimekosana na wewe," nikamwambia. "Chukua kijinga chako cha moto uende."

Siku hiyo hiyo nikampigia simu mwanangu Deo, baba mdogo wa Kemi, anayekaa Rugera. Kumbe naye alikuwa na lake. "Mama, mtoto wa kike ana miaka thelathini na moja, analala kwenye gari kama utingo. Tulimalize jambo hili." Tukapatana. Jumapili baada ya ibada aje, tukae kama familia, na mimi nitoe neno la mwisho: gari liuzwe, Kemi abaki nyumbani. Baba yake hayupo. Nikisema mimi, amesema baba yake.

Kemi nilimwambia usoni, kuficha sijui. Akasema, "Sawa, Bibi. Lakini kwanza uje uone ninachofanya. Ukishaona, ukisema hapana, nitabaki."

Hakunibembeleza. Ndiyo maana nilikubali kwenda.

Niwaambie ukweli, maana hapa ndipo mahali pangu pa kuusema. Midomo ya watu sikuijali sana. Nilitaka abaki kwa sababu nyumba hii ina vyumba vitatu na anayepumua ndani ni mmoja.

Na nilikuwa naogopa.

Baba yake, Projesti, mzaliwa wangu wa kwanza, alianguka kutoka juu ya paa akipigilia bati. Kemi alikuwa na miaka sita. Kamba ilikuwepo siku ile. Ilikuwa shingoni mwa mbuzi. Sisi wote tulikuwa pale chini tunampa misumari, tunamtania kwamba anapanda kama mzee, na hakuna hata mmoja aliyewaza kumfunga yeye. Sasa mtoto wake anaishi kwa kupanda juu. Mungu angechagua mwingine wa kumtania.

Jumatano, wao wakiwa sokoni, niliingia garini kupekua. Ndiyo, kupekua. Nikakuta vyombo viwili viwili, sahani mbili, vikombe viwili, na kila kitu kimefungwa mahali pake kisianguke gari likitembea. Nikakuta dumu la maji lenye alama ya kalamu, mstari kwa kila siku. Walipoingia wakanikuta nimekaa kitandani kwao, na Kemi akanieleza kwamba jangwani maji ni safari ya nusu siku, kwa hiyo ya kuoshea vyombo ndiyo wanayosafishia sakafu. Mimi nimepanda mlima na ndoo kichwani miaka yangu yote. Nikamtazama Ndapewa, ambaye hajui neno langu hata moja, nikajisemea moyoni, huyu angeweza kuolewa kijijini kwetu na asitudhalilishe.

Kitanda chao kizuri, msimwambie jirani yangu. Nililala humo hadi jioni.

Alhamisi tukapanda kwenye jabali lililo juu ya migomba, kule tulikokuwa tunachunga mbuzi. Nilienda na fimbo yangu, na kamba yangu ya katani begani. Nilitaka nami nimfunge. Mafundo nayajua: nimefunga mbuzi, kuni, na miti ya kuegemeza migomba yenye mikungu mizito.

Kemi akaishika ile kamba, akaivuta, akacheka. "Bibi, hii itaniua."

"Imemshika beberu miaka miwili."

"Beberu hapandi ukutani, Bibi."

Nikanuna. Nikakaa kwenye jiwe nikawatazama kwa jicho baya. Kemi akajifunga fundo lake kiunoni. Nikadhani sasa anapanda. Hapana. Ndapewa akaja akalishika lile fundo kwa vidole, akalifuata mzunguko wote, kama mtu anayetafuta mwiba. Halafu Kemi akashika kifaa cha chuma kiunoni mwa Ndapewa, kinachopitisha kamba na kuibana, akakivuta mara mbili. Mmoja akauliza, mwingine akajibu. Ndipo mguu ukaondoka chini.

Akashuka, wakapumzika, wakala karanga. Akataka kupanda tena, upande mwingine. Wakaanza upya yote: shika fundo, vuta, uliza, jibu. Nikamuuliza, si mmeshafanya sasa hivi?

"Kila mara, Bibi. Hata kama ni mara ya kumi leo. Asiposhika yeye, mimi sipandi."

Hiyo mara ya pili akateleza. Mama wee! Mguu ulitoka, mikono ikatoka, na mtoto wangu akaja chini kama mkungu uliokatwa. Nilipiga kelele hadi mbuzi wa bondeni wakaitikia. Na nilijikojolea. Kidogo. Kemi ameacha kuandika hapa, anacheka. Andika, wewe, ni kwa sababu yako.

Kamba ikamdaka. Akaning'inia pale, anazunguka taratibu, na Ndapewa chini ameegemea nyuma, miguu imeganda ardhini, macho hayatoki kwa Kemi. Hakupepesa. Hata kelele zangu hazikumgeuza shingo.

"Shuka!" nikamwita Kemi. "Shuka sasa hivi!"

"Bibi, nimeshikwa," akajibu kutoka juu. Hivyo tu. Halafu akaugeukia ukuta akaendelea kupanda.

Nikarudi nyumbani na kamba yangu ya katani begani. Nilikuwa namwaza Projesti, na misumari mikononi mwetu.

Leo Deo amekuja na suti yake ya ibada. Tumekaa, tumetafuna kahawa, ameanza kuzungumza: heshima ya ukoo, umri, ndoa, gari. Alipomaliza akanitazama nimalizie. Nikamuuliza, "Deo, mwaka jana ulipanda kwenye paa hili kuziba panapovuja. Nani alikushika?"

"Mama, hilo linahusiana nini?"

"Nani alikushika?"

Akatazama juu, kwenye bati.

"Hakuna," nikamwambia. "Nilikuwa jikoni namenya ndizi, mimi mama yako, niliyekwisha kuzika mmoja. Huyu binti kila anapopanda kuna mtu amelishika fundo lake kwa mkono. Katika familia hii yote ni yeye peke yake. Halafu tumwite aje akae na sisi ili awe salama?"

Deo akakohoa. Akasema, "Lakini Mama, ni wewe uliyesema gari liuzwe." Nikamwambia ndiyo, nilisema, na nilikuwa mjinga, na sasa nimeona. Kisha nikamgeukia Kemi, nikampa neno langu la mwisho: aende. Ila siku watakapoona uvivu wa kulishika lile fundo, siku hiyo hiyo awashe gari arudi kwangu.

Deo hakusema amekubali. Aliinuka, akavua koti, akaenda kulizunguka gari akipiga tairi kwa mguu, moja baada ya nyingine. Akamwambia Kemi ile ya nyuma kushoto haifiki jangwani, kesho ataipeleka kwa fundi. Ndivyo Deo anavyokubali.

Wanaondoka Jumanne. Nitalia, najua. Nimeshawafungia kahawa ya kutafuna na karanga, na chumvi ya kwetu, maana ya kwao sina imani nayo.

Na wewe unayesoma, rudi upesi. Ukirudi usiniulize Kemi ataacha lini kulala garini. Niulize amepanda jiwe gani wiki hii, na nani alimshikia kamba. Nitakujibu.