Mama Mdogo Amnyima Polisi Kidole

Mama yangu,

Huku Nyacheki mvua haituachi, na mdogo wako ananilisha kama mgonjwa.

Spika za kanisa ziliibwa. Kabla polisi hawajafika, yeye na akina mama wenzake walikuwa wameshalisafisha kanisa kwa ajili ya Sabato, mpaka dirisha alilopitia mwizi! Alama zilizobaki huenda ni zao, kwa hivyo polisi akataka kuchukua alama za vidole vya wote, azitenge na za mwizi.

Mama mdogo akanyoosha mkono, kisha akauliza, "Mkishampata mwizi, zangu mtazifuta lini?"

Polisi akasema hajui.

Akaurudisha mkono ndani ya leso. "Mimi hufuta kila Ijumaa. Ukijua siku yako, rudi."

Nakukumbuka sana, mama. Mkono huohuo sasa unakufungia ndizi.

Mwanao,
Kemunto