Maelezo Kuhusu Mzee Aliyekataa Kushuka kwenye Kirikuu

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Mikumi, Wilaya ya Kilosa
Jina: Getrude Lazaro
Umri: Miaka 24
Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo
Elimu: Darasa la saba
Kazi: Mkulima, pia nauza maziwa
Makazi: Tindiga

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo mbele ya Koplo Yusrah, na nimeelezwa kwamba nikidanganya nitashtakiwa. Mtuhumiwa ni baba mzazi wa mume wangu. Kwetu mkamwana hamtaji mkwe wake jina, mimi namwita Baba tu. Afande amesema kwenye karatasi lazima jina liwepo. Basi anaitwa Ngolo Shilinde. Anisamehe.

Mnamo tarehe 14/8/2025 majira ya saa 3 asubuhi tulifika kwenye yadi ya magari hapa Mikumi, kando ya barabara ya Iringa. Nilikuwa na Baba, na mwanangu Lightness mgongoni. Mume wangu Paulo yuko malishoni na ng'ombe. Tulikuja kununua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya kubebea maziwa. Sasa hivi nayapeleka kwa pikipiki, na masika iliyopita tulianguka kwenye tope nikiwa na huyu mtoto. Baba aliposikia akauza madume yake, akanipa hela. Alisema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "huendi tena na mjukuu wangu kwenye pikipiki."

Alitupokea kijana wa mauzo anaitwa Nickson. Alimwambia Baba, "Mambo, mzee!" Nikamwambia Nickson, "Mwamkie kwanza." Ndipo akasema shikamoo, huku anacheka na simu yake.

Nilimweleza kwamba mnunuzi ni mimi na hela ninayo mimi. Akaniuliza, "Shemeji, bwana yuko wapi?" Nikauliza habari za injini, akamjibu Baba. Nikauliza matairi, akamjibu Baba. Baba akamwambia, "Anayeuliza ni huyu." Nilisema nataka kirikuu, yeye akatupeleka kwenye gari ndogo nyekundu ya kutembelea. Akasema, "Mama, hii usajili wake namba E, bado mbichi kabisa. Ukishuka nayo kanisani, mchungaji anasimamisha mahubiri." Nikamjibu kwamba maziwa hayaendi kanisani. Akatupeleka kwenye nyingine, nayo si kirikuu. Jua lilishakuwa kali na mtoto analia. Nikamwambia, "Kaka, kama kirikuu hamna, sema tuondoke." Kumbe ilikuwepo nyuma ya ofisi, nyeupe.

Baba aliizunguka polepole kama anavyozunguka ng'ombe. Aliinama akatazama chini, akagonga bodi kwa fimbo, akauliza imepita kwa watu wangapi. Nickson akasema, "Mmoja tu, mzee, tena mwalimu." Niliuliza kadi ya gari iko wapi. Akasema inakuja kutoka Dar. Nikauliza inakuja na nani. Akamgeukia Baba kumtajia bei.

Tulipatana bei. Hapo Nickson akachukua funguo, akamwekea Baba kiganjani, akasema, "Shika, mzee wangu. Hiki chuma kuanzia sasa ni chako." Baba alizipokea kwa mikono miwili.

Naomba hapa afande aandike vizuri. Nadhani kwao ni maneno ya kumfanya mteja asiondoke. Kwetu siyo maneno. Mnadani Tindiga, mkishapatana bei, mwenye ng'ombe anakukabidhi kamba mkononi, na biashara imekwisha. Mwingine akija na bei kubwa anaambiwa umechelewa, na hakasiriki. Baba ameuza na kununua hivyo tangu ujana wake. Hata mimi nilijua tumeshanunua.

Nikataka kulipa. Nickson akasema tumsubiri bosi. Tukasubiri. Akaja kusema kuna hela ya faili, mara kuna hela ya kuosha gari, na gari yenyewe ina vumbi la wiki nzima. Nilimwambia, "Nitalipa bei tuliyopatana, hiyo nyingine kamuoshee bosi wako." Nilimnyonyesha mtoto nimekaa juu ya tairi, maana kiti hatukupewa.

Saa 8 mchana alikuja bwana mmoja mwenye mashamba ya miwa kule Ruaha. Nickson alinong'ona naye, kisha akaja akasema, "Mzee, lete funguo mara moja, huyu bosi anataka kusikiliza injini." Baba akamuuliza, "Ng'ombe wangu unataka akamuliwe na nani?" Nickson akasema, "Mzee acha utani, huyu ameongeza bei." Baba alifungua mlango, akaingia, akajifungia ndani.

Nickson alizunguka akapitisha mkono dirishani, akamvuta Baba shati mpaka vifungo vikakatika. Baba alirusha fimbo kumzuia na ikavunja kioo cha pembeni. Hilo nimeliona kwa macho yangu na silifichi. Kioo nitalipa mimi. Nickson akapiga simu polisi akisema gari inaibwa.

Askari walipofika, Baba alikataa kushuka. Ikabidi askari mmoja aendeshe kirikuu mpaka hapa kituoni, Baba akiwa ndani. Funguo alimpa bila kubishana.

Jioni hii Nickson amekuja kituoni akaniambia, "Shemeji, mwambie mzee aombe radhi kwa kutaka kuiba, yaishe." Nimemwambia Baba hataomba radhi ya wizi, na mimi simwombei. Gari yao siitaki tena, hata wakinipa na mafuta juu.

Naomba jambo moja. Baba alipojifungia alikaa kiti cha kushoto, cha abiria, na hakuhama mpaka askari akaja. Hajawahi kuendesha gari. Afande ampe zile funguo amwambie awashe. Akiweza, mniweke ndani na mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nimesomewa na ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: G. Lazaro

Maelezo ya mpokeaji: Shahidi amesaini kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umebeba mtoto aliyelala. Ombi lake limetekelezwa uwanjani mbele ya mlalamikaji Nickson. Mtuhumiwa alikabidhiwa funguo na kuelekezwa kuwasha gari. Alizigeuza mkononi, akaniuliza zinaingizwa wapi. Mlalamikaji aliomba kuondoa shauri la wizi. Mtuhumiwa ameachiwa saa 12:40 jioni, na ameondoka na mkwewe kwa pikipiki.

WP 6120 Koplo Yusrah